Uliza Mjomba: Hicho Kibao Kimesimama Kwa Nani?

Mwezi huu simu yangu imejaa vibao. Mabango ya wagombea, "chumba kinapangishwa", "nyumba hii haiuzwi" kwa rangi nyekundu, mpaka vibao vya Marekani vimo. Nimechagua meseji hizi chache maana nyingine zinajirudia. Na nyie mnaoniuliza bei ya viwanja Chongoleani, mi sio dalali, nshasema.

*Mjomba shikamoo. Mi ni mjane nakaa Makorora, nyumba yangu iko konani na hilo ndo balaa lake, ukuta wa mbele kila anayepita anauona. Kampeni za 2025 vijana walikuja usiku wakabandika sura za mgombea wao kuanzia kwenye msingi mpaka chini ya bati, alafu wa chama kingine wakaja wakabandika juu yake. Uchaguzi umeisha karatasi zipo tu, zinaning'inia kama ngozi ya mbuzi. Nikitaka kubandua jirani ananiambia utafungwa, bango la siasa haliguswi. Ni kweli?* — Mama wa Kona, Makorora

Marahaba mama. Bandua. Kampeni ziliisha tarehe 28 Oktoba, kura ikapigwa 29, hiyo karatasi sahivi haimtafutii mtu kura wala haimnyimi.

Jirani yako hajatunga, kasikia nusu. Kuna Kanuni za Maadili ya Uchaguzi ambazo vyama vilisaini Dodoma Aprili 12, 2025, na mle ndani chama na wafuasi wake wanakatazwa kuchana au kuharibu mabango ya wenzao. Hiyo ni ya washindani, ili huyu asimchafulie yule. Haijaufanya ukuta wako kuwa mali ya mgombea.

Ila ingekuwa bado ni msimu wa kampeni ningekwambia tofauti. Usingebandua mwenyewe tena usiku, maana atatokea kijana na simu atakupiga picha umeshika sura ya mgombea mmoja na ya mwenzake bado iko ukutani, kesho ushakuwa kada bila kadi. Unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, unaita watu wa vyama vyote viwili siku moja, kila mtu anaondoa chake. Na karatasi za Tume zenyewe, yale majina ya wapiga kura na matangazo ya kituo, hizo ni kitu kingine kabisa, wakati wa uchaguzi usiziguse hata zikibandikwa mlangoni kwako.

Sasa kubandua. Wengi wanabandika kwa uji wa unga wa ngano, ni rahisi, usichukue panga ukakwangua kavu kavu utaondoka na plasta. Chukua gunia la katani (sisi wa Tanga hatukosi) liloweshe maji ya moto yenye sabuni ya unga, liegemeze kwenye karatasi robo saa hivi, ukivuta kuanzia juu inakuja yote na sura zake. Waliotumia gundi nyeupe ya seremala hao waachie fundi rangi. Na ukimaliza usijisumbue kuandika USIBANDIKE MATANGAZO, nimeshuhudia pale Mabawa wamebandika juu ya maneno yenyewe.

*Mambo mjomba. Nimepanga chumba Chumbageni, niliweka bendera ya chama changu dirishani kwa ndani, mwenye nyumba ni wa chama kingine akasema nitoe au nihame mwisho wa mwezi. Kodi nimelipa miezi sita na imebaki minne. Ana haki?* — Mpangaji

Poa. Toa mkataba wako uusome, na kama mlipeana mkono tu basi toa risiti. Miezi minne uliyoilipia ni yako, hakufukuzi kwa sababu ya kitambaa. Uhuru wa kutoa maoni upo kwenye Katiba ibara ya 18 na wa kujiunga na chama ibara ya 20, na hivyo mwenye nyumba hakupangishii.

Lakini na wewe kijana tutofautishe. Ukuta wa nje, geti, paa, hivyo ni vyake, ukipigilia mlingoti kwenye bati lake bila kumuuliza hiyo sio siasa tena, hiyo ni bati linavuja. Ndani ya chumba ulichokilipia ni kwako. Ilivyo bendera yako ipo dirishani kwa ndani nakuona uko upande mzuri, ila ningekuwa mimi ningeshakaa nae barazani tukanywa kahawa, maana baada ya miezi minne yeye ndo anaamua kama utalipa tena au la, na hiyo hakuna ibara.

*Mjomba shikamoo sana. Sisi tuko saba, baba alifariki miaka mitatu iliyopita kaacha nyumba ya Ngamiani (barabara ya ngapi sitaji). Mama wa kambo bado anaishi mle. Kaka yetu mkubwa ndo msimamizi wa mirathi, tukasikia kwa watu ameshaleta wateja wawili kuiangalia. Mdogo wetu akachukua rangi akaandika ukutani NYUMBA HII HAIUZWI MATAPELI KAENI MBALI. Kaka kaja na rangi nyeupe kafuta. Mdogo kaandika tena. Sasa hivi ukuta una tabaka nne na mtaa mzima wanatucheka. Yale maandishi yana nguvu gani kisheria?* — Wa Tatu Kuzaliwa

Marahaba. Kwanza poleni, na mwambieni mdogo wenu ahifadhi rangi.

Hayo maandishi peke yake hayazuii mauzo. Hakuna karani wa ardhi atakayetoka ofisini kuja Ngamiani kusoma ukuta kabla hajapokea nyaraka. Ila usiyadharau pia, maana yana kazi moja kubwa, mnunuzi aliyepita akayasoma hawezi baadae kusimama mbele ya baraza akasema hakujua kuna mgogoro. Kwa hiyo pigeni picha ukuta huo, yenye tarehe, na hata zile picha za kaka akifuta kama mnazo. Rangi inafutwa, picha haifutwi.

Kinachozuia kweli kweli ni hivi. Kama nyumba ina hati, nendeni kwa Msajili wa Hati mkaweke zuio, hapo hata mteja akija na begi la hela, akifanya upekuzi, yaani akiangalia kumbukumbu za hati kwa Msajili, anakutana na jina lenu. Mkoa una ofisi yake ya ardhi, hamna haja ya kupanda basi. Kama haina hati, na nyumba nyingi za kule Ngamiani ni za karatasi za mauziano za zamani zimekunjwa mpaka zimechanika kwenye mikunjo, basi andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa nakala kwa mwenyekiti na nakala kwa mtendaji wa kata, mgongewe muhuri wa kupokelewa, maana ni wao ndo huwa wanaitwa kushuhudia mauzo ya namna hiyo. Muhuri wa kupokelewa ndo muhimu. Barua isiyo na muhuri ni sawa na mliandika ukutani.

Alafu huyo kaka. Watu wengi wanadhani msimamizi wa mirathi ndo mwenye mali, hata wasimamizi wenyewe wanadhani. Msimamizi ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, kanuni zinamtaka ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, labda mahakama imuongezee muda, na baada ya hapo hesabu ya alivyokusanya, alivyolipa na alivyogawa kwa fomu namba 6, kwa vipindi ambavyo mahakama inampangia. Nyie mnasema miaka mitatu. Nendeni kwenye mahakama ile ile iliyomteua mkaombe kuona jalada, mkaulize hizo fomu mbili ziko wapi. Kama hazipo hapo ndo mnapo pa kuanzia, mnaweza kuomba aitwe ajieleze na ikibidi aondolewe awekwe mwingine. Mi nimeona familia inapigana miaka na rangi na polisi na kufuli mbili mbili kwenye geti wakati jalada liko kabatini halijafunguliwa na mtu.

Msianzie baraza la kata mkitegemea hukumu, siku hizi tangu sheria ilivyobadilishwa 2021 kata inasuluhisha tu, haiamui. Mgogoro wa ardhi wenyewe unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wa mirathi unabaki mahakamani. Msichanganye, mtazungushwa.

Na mama wa kambo mbona mmemtaja mara moja tu kama kabati? Ni mjane, ana fungu lake kwenye mirathi, tena ndo anayelala mle. Siku ya kikao cha ukoo akae ndani, sio jikoni anawapikia. Kwa walio hai wanaosoma hapa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mke aliyeandika HAIUZWI wakati mume yuko hai anaongea kitu ambacho sheria tayari inakisema, aongeze tu zuio kwa Msajili.

*Habari mjomba. Mi dalali wa viwanja. Niliweka vibao 14 kuanzia Kange mpaka Pongwe pembeni ya lami, vya bati na miguu ya mbao, VIWANJA BEI POA HATI IPO. Nimeamka asubuhi vyote havipo, vingine nimeviona nyuma ya gari la watu wa barabara. Hasara kama laki tatu na kitu. Nimwendee nani?* — Dalali Mtulivu

Nzuri. Usiende kwa mtu, utaongeza hasara.

Sheria ya Barabara ya 2007 imeipa barabara kuu na ya mkoa hifadhi ya mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu, ndo maana nyumba nyingine zikapigwa X nyekundu na nyingine ya kijani, nyekundu ni waliokuwa ndani ya zile za zamani, kijani ni waliokutwa na nyongeza hao wa kulipwa fidia. Wewe ukitaka kujua kibao chako kiko wapi chukua kamba ya katani ya mita 30, mwenzako ashike ncha katikati ya lami (alfajiri magari yakiwa machache jamani) wewe tembea nayo mpaka iishe. Utajikuta umeingia kwenye migomba ya watu. Vibao vyako 14 vyote vilikuwa ndani.

Ndani ya hifadhi unaweza kuweka bango, ila kwa kibali cha mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaani ni TARURA. Alafu halmashauri nayo ina ushuru wake wa mabango kwa sheria ndogo, unalipa kwa ukubwa wa bango, kwa hiyo nenda na vipimo vyako vimeandikwa na picha ya bango lenyewe, usiende ukaanza kuonyesha kwa mikono "kama hivi". Usidhani kibali cha mmoja kinatosha kwa mwingine.

Na nguzo za umeme na miti hivyo hivyo. Hapa nijitaje mwenyewe. Miaka hiyo nilikuwa na chumba cha kupangisha, nikapigilia kibao kwenye mwarobaini wa barabarani, CHUMBA NA SEBULE UMEME UPO na namba yangu. Mpangaji nikampata siku ya tatu. Mti ukakua ukameza misumari, kibao hakitoki, miaka miwili napigiwa simu saa nne usiku "mzee chumba bado kipo?" mpaka nikabadilisha laini. Jamaa wa ofisi moja nae akakisoma kile kibao akaja kuniuliza kodi ya pango inalipwa wapi. Kwa hiyo ujue kibao husomwa na ambao hukuwalenga.

Ushauri wangu weka kibao kimoja kikubwa ndani ya kiwanja chenyewe, ndani ya bikoni, kwa ruhusa ya mwenye nacho iliyoandikwa. Mteja akifika anaona ardhi na kibao pamoja. Na hilo neno HATI IPO, kama haipo futa. Tangu lianze suala la bomba la mafuta Chongoleani kila kichaka Tanga kimekuwa na hati, na wanunuzi sahivi wamejanjaruka wanafanya upekuzi kwanza.

*Mjomba tumalizie ubishi. Kaka yangu yuko Marekani karibu na St. Louis, kanitumia picha, nyumba hazina fensi, mbele kwenye majani kila mtu kachomeka vibao vya waya, cha mgombea, cha kuuza nyumba, na hakuna anayeng'oa. Anasema kule serikali haina la kusema kabisa kuhusu kibao cha mtu. Nikamwambia we muongo.* — Mbishi wa Raskazone

Mna nusu kila mmoja. Na kaka yako yuko karibu kabisa na kisa chenyewe, maana hapo hapo pembeni ya St. Louis kuna mji mdogo wa kitajiri unaitwa Ladue. Desemba 1990 mama mmoja, Margaret Gilleo, alichomeka kibao kwenye majani yake kupinga vita vya Ghuba. Kikapotea. Akachomeka kingine, kikaangushwa. Kwenda polisi anaambiwa hapa vibao marufuku. Akaenda mahakamani, alafu akabandika dirishani ghorofani kikaratasi cha ukubwa wa karatasi ya kuandikia barua, "For Peace in the Gulf", yaani amani Ghuba. Mji nao ukaandika sheria upya ukahakikisha mpaka hicho cha dirishani kimo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu majaji wote tisa wakampa ushindi. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba sheria ile ile iliruhusu kibao cha NYUMBA INAUZWA. Kuuza sawa, amani hapana.

Na kuna mji mwingine ulifanya kinyume chake. Willingboro, New Jersey, 1974 ulipiga marufuku vibao vya "inauzwa" na "imeuzwa", kwa sababu Wazungu walikuwa wanauza nyumba haraka haraka wakiona Weusi wanahamia, na vibao vikiwa vingi mtaani wengine wanapata kiwewe na wao wanauza. Nia yao ilikuwa kutuliza watu. 1977 mahakama ikakataa, ikasema huwezi kumficha mtu habari halali ati kwa sababu unaogopa atakachoamua akiijua. Hii mi mwenyewe bado naifikiria, maana nia haikuwa mbaya.

Ya tatu ni Gilbert, Arizona, 2015. Kanisa dogo lisilo na jengo lake lilikuwa linaweka vibao Jumamosi kuelekeza watu kwenye ibada ya Jumapili. Mji ukawa umepanga kibao cha siasa kiwe mpaka futi 32 za mraba, cha kuelekeza watu kwenye shughuli mwisho futi 6, tena kiwekwe saa 12 tu kabla na kiondolewe saa moja baada. Kanisa likashinda. Kwa maana ya kwamba mji unaruhusiwa kupanga ukubwa, mahali, taa, ila sio kusoma maneno kwanza ndo ujue kibao kipewe futi ngapi.

Kwa hiyo kaka yako kakosea kwenye "haina la kusema kabisa". Akachomeke chake kwenye kipande cha barabara aone. Na akihamia kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba, kule anasaini masharti wakati wa kununua, wanaweza kumkatalia vibao na hata rangi ya mlango, maana hiyo sio serikali ni mkataba. Na wewe umekosea kumuita kaka yako muongo, muombe radhi. Huku kwetu mgambo akija hasomi maneno, anauliza risiti.

*Kituo cha kura kilikuwa shule jirani na duka langu, siku ya kura nikaambiwa nitoe bango la mgombea lililokuwa ukutani kwangu wakati ni kwangu!* — Muuza Duka, Nguvumali

Walikuwa sahihi. Siku ya kura kuonyesha picha au alama ya mgombea ndani ya mita 200 za kituo hairuhusiwi, hata iwe kwako. Ndo zile mita 200 zilizozua mjadala mwaka 2015 mpaka zikafika Mahakama Kuu, wakati ule ubishi ulikuwa watu wakishapiga kura waruhusiwe kukaa hapo hapo karibu au warudi nyumbani.

*Jina la saluni yangu nimelichora ukutani kwa rangi, halina taa wala bati. Nalo linalipiwa?* — Dada wa Saluni, Mikanjuni

Uliza halmashauri kabla hawajakuuliza wao, ukiwa na vipimo. Usijitetee kwamba ni rangi tu, maandishi ya kutangaza biashara ni maandishi ya kutangaza biashara.

*Mjomba nimeandika HATARI MBWA MKALI getini na sina mbwa. Ni kosa?* — Wa Sahare

Sio kosa. Ila nimeulizia huko Sahare, wote wanajua.